Treni ya Sentimita 28 Inauzwa Bei ya Simu Kali: Hii Hapa Stori ya Deltic Ndogo

Wacha nikuulize kitu. Ukishika ngiri 40 leo, rent imelipwa, Fuliza haikudai, utanunua nini? Simu, si ndio? Ama unaweka kwa viatu na luku, alafu kidogo unamtumia mathe ocha.

Sasa cheki hii. Huko Uingereza kuna wazae, na vijana pia, wakipata doh ya aina hiyo wanaenda kununua treni. Sisemi tiketi ya treni. Treni yenyewe, urefu wa sentimita 28, ndogo kuliko ile rula ulikuwa nayo primo. Haibebi mtu. Inazunguka kwa meza, inapita kastesheni kadogo, inarudi pale pale ilitoka. Na mwenye kuinunua analala akitabasamu.

Kabla uanze kumchongoa, kaa chini kidogo. Hii kitu si toi ya watoto. Ndani yake kuna hesabu, kuna kemia, kuna stima, kuna sauti, na kuna stori ya wasee waliokataa mashine yao ipelekwe kwa vyuma chakavu. Na kuna kitu inatuhusu sisi hapa Kenya, nitafika huko.

Treni yenyewe inaitwa Deltic.

Ile kubwa ilikuwa mnyama

Tuanze na ile ya ukweli. Mwaka wa 1955, kampuni ya English Electric ilitoa injini ya treni ya majaribio. Rangi ya samawati iliyopauka, michirizi ya rangi ya malai puani, na jina DELTIC limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Hakuna mtu alikuwa ameiagiza. Kampuni ilitoa doh yake yenyewe ili ionyeshe wenye reli kwamba dizeli inaweza kukimbia kuliko mvuke.

Siri ilikuwa injini ya ndani. Kampuni ya Napier, ambayo ilikuwa chini ya English Electric, ilikuwa imeunda injini ya boti za kasi za jeshi la majini la Uingereza. Sasa sikiza vile inafanya kazi.

Kwa injini ya kawaida, kama ile ya mathree, kila silinda iko na pistoni moja inapanda na kushuka. Juu kuna kifuniko na valvu. Deltic ilitupa hiyo yote. Kila silinda ina pistoni mbili zinaangaliana. Zinakimbiliana, zinakaribia kugongana katikati, dizeli inalipuka kati yao, zinasukumwa kila moja upande wake. Hakuna kifuniko, hakuna valvu, ni mashimo tu kwa ukuta wa silinda ambayo pistoni inayafungua na kuyafunga ikipita.

Alafu hizo silinda zikapangwa kwa pembetatu, na kila kona ya pembetatu ikawekwa krenkshafti. Pembetatu yenyewe imesimama kichwa chini, kama herufi ya Kigiriki delta ikiwa imepinduliwa, na jina likatoka hapo. Jumla ni silinda 18, pistoni 36, krenkshafti tatu, na moja kati ya hizo tatu inazunguka kinyume na wenzake. Ukichora hiyo kitu mbele ya fundi wa Grogan atakuuliza umekunywa nini.

Kila Deltic ilibeba injini mbili za hivyo. Kila moja nguvu ya farasi 1,650, zote mbili 3,300. Ili uone uzito wa hiyo namba, weka kando yake dizeli nyingine ya English Electric ya miaka hiyo hiyo, ile ilikuja kuitwa Class 40. Hiyo ilikuwa na nguvu ya farasi 2,000 na uzito wa tani 133. Deltic ilikuwa na 3,300 na tani 99. Nguvu zaidi, mwili mwepesi. Ni kama kuambiwa kuna boda inashinda lori kuvuta.

British Railways ikachukua 22. Ziliingia kazini 1961 na 1962, zikatoa injini 55 za mvuke kazini kwa laini ya London King's Cross hadi Edinburgh, kilomita 632. Kasi ya juu ilikuwa kilomita 160 kwa saa. Mwaka wa 1962 treni maarufu ya Flying Scotsman ikaanza kumaliza hiyo safari kwa masaa sita.

Na zilikuwa na majina, kama nganya tu. Kuna zilizopewa majina ya vikosi vya jeshi, kama Royal Scots Grey. Zingine zilipewa majina ya farasi wa mbio: Nimbus, Crepello, Meld, Tulyar, St Paddy. Vile wewe unasimama stage ukingoja nganya fulani na unaacha zingine tano zipite, vijana wa huko walisimama mwisho wa jukwaa la stesheni na daftari wakingoja Nimbus.

Halafu kelele. Hiyo pembetatu haikuunguruma kama dizeli zingine. Ilitoa mvumo mzito wa kuendelea, na ikiwashwa ilitapika wingu la moshi, kwa sababu oili ilikuwa inajikusanya kwa eksosi ikiwa imezimwa. Watu walijua Deltic inakuja kabla waione.

Lakini starehe ina bei. Injini ngumu hivyo inataka mafundi wa kuielewa na spea za kutosha. Treni mpya za InterCity 125 zikaingia hiyo laini 1978. Tarehe 2 Januari 1982 Deltic ikavuta safari yake ya mwisho ya kuaga chini ya British Rail. Kati ya zile 22, 16 zikakatwa vyuma chakavu. Sita zikabaki, pamoja na ile ya samawati ya 1955.

Sasa hapo ndipo ile ndogo inaingia.

Gawanya kila kitu kwa 76

Modeli nyingi za treni za Uingereza zinatumia kipimo kinaitwa OO. Sheria yake ni rahisi: kila futi moja ya ukweli inakuwa milimita 4. Ukipiga hesabu, ni kugawanya kila kitu kwa 76.2.

Deltic ya ukweli ina urefu wa mita 21.18. Gawanya, unapata sentimita 27.8. Dere wa mita 1.75 anakuwa milimita 23, karibu upana wa koini ya ashu. Chuma ya kushikilia ukipanda kabini, yenye unene wa sentimita 3, inakuwa milimita 0.4. Hiyo ni karibu unene wa waya wa ndani ya earphone.

Safari ya London mpaka Edinburgh ukiigawanya inakuwa kilomita 8.3. Kama kutoka tao mpaka Kangemi hivi, na hakuna mtu ana meza ya hiyo saizi. Na ile kasi ya kilomita 160 kwa saa? Inakuwa kilomita 2.1 kwa saa. Mtoto aliyejifunza kutembea juzi anaiacha. Kwa hivyo ukiona mtu anaendesha modeli kwa meza kama mathree ya saa kumi na moja jioni, jua huyo anacheza. Mwenye anajua anaiendesha polepole.

Uzito nao una mambo yake. Ukipunguza urefu mara 76, upana pia unapungua mara 76, na kimo mara 76. Uzito unapungua mara 76 mara 76 mara 76, yaani zaidi ya mara laki nne. Zile tani 99 zinabaki gramu 220 na kitu. Haifiki robo kilo ya nyama. Nyepesi hivyo, magurudumu yangeteleza tu kwa reli ukiipa mabehewa nane ivute. Ndiyo maana wanaijaza chuma ndani mpaka inapita uzito wake wa hesabu. Ukiishika mkononi unashtuka. Umejiandaa kubeba plastiki, unabeba kitu ya maana.

Vile inaundwa

Hapa ndipo nilielewa bei.

Hatua ya kwanza ni kupima. Bachmann walitoa Deltic yao mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Accurascale, kampuni ya Ireland, wakatoa yao baadaye. Siku hizi kampuni za hii kazi huenda mahali mashine halisi imehifadhiwa na kifaa cha leza. Leza inapiga mwili mzima na kurudisha mamilioni ya nukta, kila nukta na mahali pake kamili. Zikiunganishwa kwa kompyuta unapata umbo la treni kama lilivyo, hadi pale ilibonyea.

Lakini hapo kuna mtego. Ile treni umepima leo si ile ya 1961. Imepakwa rangi mara kadhaa, imeongezwa vitu, imetolewa vitu. Zilitoka kiwandani zikiwa kijani aina mbili, kijani nzito juu na mstari wa kijani cha ndimu chini. Baadaye zikawekwa manjano puani ili mfanyakazi wa reli aone kifo kikija mapema. Halafu zikapakwa buluu yote, pua yote manjano. Miaka ya mwisho, zile za gereji ya Finsbury Park pale London zikazungushiwa rangi nyeupe kwa madirisha ya dere. Breki zilibadilishwa. Mfumo wa kupasha mabehewa joto ulitoka kwa mvuke wa boila ukaongezwa wa stima. Kila badiliko liliacha alama: kifuniko kwa paa, paipu mbele, soketi chini.

Kwa hivyo mchoraji anakaa na leza upande mmoja na picha za zamani upande mwingine, akiuliza: Nimbus mwaka wa 1964 ilikuwa na hii paipu ama haikuwa nayo? Akikosea, kuna mzae mahali amekaa na daftari lake la 1964 na atajua dakika ya kwanza akifungua boxi. Ni kama mtu akuchoree nganya ya mtaa wenu na aweke graffiti ya mwaka tofauti. Wewe ungenyamaza?

Hatua ya pili ni kalibu. Hii ni bonge la chuma limechongwa umbo la treni kwa ndani, plastiki ya moto inasukumwa huko, inapoa, mwili unatoka. Kuchonga kalibu ndiko kunakula pesa, na ukishachonga hakuna kurudi nyuma kirahisi. Ndio maana wanachonga na vipande vya kubadilisha: pua ya 1961, pua ya 1975, paa la boila na kadhalika. Kalibu moja inatoa Deltic za miaka tofauti.

Plastiki ina kikomo. Bati la treni ya ukweli lina unene wa milimita chache. Ukigawanya kwa 76 unapata kitu nyembamba kuliko karatasi, na plastiki haiwezi kusimama hivyo. Kwa hivyo ukuta wa modeli, ukiukuza urudi saizi ya ukweli, ni mnene kama ukuta wa benki. Ujanja wao ni kuficha huo unene: kioo kinachongwa kikae sawasawa na uso wa nje, ndio jicho lisione ukingo.

Mahali plastiki inashindwa wanatumia chuma. Zile neti za kupitisha hewa kwa ubavu ni karatasi ya chuma iliyoliwa na asidi mpaka mashimo yakatokea. Unaona mashimo ya ukweli, na nyuma yake unaona feni. Vyuma vya kushikilia ni waya. Chasi ni zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa.

Hiyo zinki pia ina hadithi mbaya. Ikichanganyika na uchafu kidogo wa risasi, chuma inaanza kuoza kwa ndani baada ya miaka. Inavimba, inapasuka, inamenyeka kama biskuti. Kuna wasee wamefungua boxi waliyoweka salama wakapata mwili uko sawa na chasi imevunjika vipande. Kosa lilifanyika siku chuma ilimiminwa, na hakuna dawa.

Hatua ya mwisho ni rangi na mikono. Maandishi madogo hayaandikwi kwa brashi. Kuna mpira laini wa silikoni unalamba wino kwa sahani iliyochongwa, unabonyeza kwa mwili, rangi moja kwa wakati. Alafu watu wanakaa kwa meza, wengi wao katika viwanda vya mkoa wa Guangdong, China, wakiingiza vipande mamia kwa koleo ndogo. Vitasa, wipa, honi, paipu za breki. Mashine haijajua kufanya hiyo kazi vizuri. Ni vidole vya mtu.

Fungua, tuone ndani

Katikati kuna mota ya stima. Kila upande wa mota kuna gurudumu zito la chuma. Kazi yake ni kuhifadhi mzunguko, ndio treni isisimame ghafla kama imegonga ukuta ukizima. Kutoka hapo shafti mbili zinaenda kwa bogi za mbele na nyuma, gia zinazungusha magurudumu.

Stima inatoka kwa reli zenyewe. Reli ya kushoto waya mmoja, ya kulia waya mwingine, magurudumu yanabeba. Ndiyo maana vumbi ni adui. Reli ikichafuka, taa zinapepesa na treni inakohoa. Modeli za siku hizi zina kapasita inahifadhi stima ya sekunde kidogo, ivuke ile sehemu chafu bila kuonekana.

Zamani ulikuwa na kinobu kimoja: ukiongeza volti, treni zote kwa hiyo reli zinaenda pamoja. Mfumo wa kidijitali ulibadilisha hiyo. Stima kwa reli iko kila wakati, na ndani yake mnapita ujumbe. Kila treni ina chipu na namba yake. Ni kama simu zenu hapo kwa keja: mko kwa mlingoti mmoja lakini call ya jirani haiingii kwako. Namba 9020 inaambiwa washa taa, inawasha. Ile ingine haisikii.

Hiyo chipu ndiyo inabeba sauti. Watu walienda na maiki wakarekodi Deltic halisi: ikiwashwa, ikinguruma imesimama, ikipanda kasi, honi, breki. Sasa ukibonyeza, injini ya kwanza inawaka peke yake, kama ile ya ukweli. Alafu unabonyeza tena, ya pili inaingia, na mvumo unakuwa mnene. Mtu mzima aliyeisikia mara ya mwisho akiwa na miaka 12 anasikia hiyo akiwa kwa kabati la nyumba yake. Hapo ndipo ngiri 40 inaanza kuwa na maana.

Bei yenyewe: modeli za kiwango hiki huanzia pauni mia na kitu bila sauti, na kupita mia mbili zikiwa na sauti. Piga pauni mara 170 utaona ni doh gani.

Mahali inadanganya

Usidhani ni kamilifu. Msee mjanja anajua pia pale bidhaa inamdanganya.

Ya kwanza ni reli. Upana wa reli ya ukweli ukigawanywa unafaa kuwa milimita 18.83. Reli ya OO ni 16.5. Ni kosa la kurithi: Waingereza walichukua reli ya kipimo kidogo cha nchi zingine, mwili wakaufanya mkubwa zaidi ili mota za zamani ziingie. Mpaka leo Deltic ndogo inasimama kwa miguu iliyobanwa, kama jamaa amevaa suruali ya kubana. Kuna wasee wakali wanatoa magurudumu yote na kujenga reli yao ya 18.83 kwa mkono. Wengi wanaamua kutoangalia kutoka mbele.

Ya pili ni kona. Kona ya kawaida ya meza, ukiikuza, ni nusu kipenyo cha mita 33. Treni ya tani 99 haiwezi kukunja hapo bila kuanguka. Ili ile ndogo ikunje, nafasi inaachwa kwa bogi, na vipande vingine vya chini vinakuja kwa kamfuko kando. Unachagua: uviweke iwe rembo ya kabati, ama uviache ikimbie.

Ya tatu ni sauti. Ule mvumo mzito wa Deltic ni besi, na besi inataka spika ya kusukuma hewa nyingi. Wewe unajua hii. Ndiyo maana nganya inabeba spika saizi ya friji. Spika ya saizi ya kucha itakupa honi safi na mlio wa juu, lakini ile kitu ilitikisa kifua cha mtu kwa jukwaa haiingii kwa sentimita 28.

Chama kiliokoa kitu

Sasa rudi kwa zile sita zilizobaki. Zilibaki aje?

Mwaka wa 1977, Deltic zikiwa bado kazini, wapenzi wake walianzisha Deltic Preservation Society. Waliona mwisho unakuja, wakaanza kuchanga. Iite jina lake: ni chama. Watu wa mishahara ya kawaida, kila mtu na kakitu kake, kwa kitu ambacho hakuna angeweza kununua peke yake. Hicho chama kinamiliki tatu: Alycidon, Tulyar na Royal Highland Fusilier. Kikundi kingine kikaokoa zingine, na moja ikaenda kwa makumbusho ya taifa ya reli.

Fikiria walichekwa kiasi gani. Wakati huo watu walikuwa wanalilia mvuke. Dizeli ilikuwa ndiyo ile kitu iliua mvuke, nani angeitunza? Hakuna mtu hulilia kitu akiwa bado anakiona kila siku. Unakuja kushtuka ikiwa imeisha.

Na hapa ndipo mambo mawili yanashikana. Bila zile sita, leza ingepima nini? Modeli ingechorwa kwa kubahatisha picha. Ile ndogo kwa kabati iko sawa kwa sababu kuna watu walichanga miaka ya 70 na kuacha kitu cha kupimwa.

Na sisi je?

English Electric hiyo hiyo iliuza dizeli kwa East African Railways kuanzia 1960. Mzae wako ama guka wako, kama aliwahi kupanda ile treni ya usiku ya Mombasa ya reli ya zamani, kuna uwezekano alivutwa na ndugu ya Deltic. Hazikuwa na ile injini ya pembetatu, zilikuwa za kazi ya jasho, magurudumu mengi ili reli yetu nyembamba isilemewe. Lakini ni ukoo mmoja.

Ingia Nairobi Railway Museum, iko hapo karibu na stesheni tangu 1971. Utakuta mvuke wa kutisha, kama ile Garratt inaitwa Mount Gelai, mnyama wa kukufanya unyamaze. Simama hapo alafu ujiulize kuhusu dizeli zilizokuja baada yake. Na hata hii ya juzi: Madaraka Express ilianza 2017 ikivutwa na dizeli za China aina ya DF11. Leo unaipita na simu yako bila kuinua kichwa. Ndivyo walipita Deltic 1965.

Naongea kama mtu aliacha college kabla amalize. Darasa moja tu lilikuwa linanishika, lile la kuchora mashine: mbele, juu, ubavu. Nilikuwa nadhani hiyo ni ujuzi wa kufaulu mtihani. Kumbe kuna watu wanalipwa kupima kitu cha zamani na kukichora vizuri mpaka mgeni akiri ndicho chenyewe. Na vifaa vya kuanzia si vya bei. Blender na FreeCAD ni za bure. Simu yako ikizunguka kitu ikipiga picha kutoka kila upande, kuna programu zinageuza hizo picha kuwa umbo. Si sahihi kama leza, lakini ni mwanzo, bora uombe ruhusa kwanza kabla upige picha mali ya reli.

Hata hesabu yetu imekaa vizuri. Reli yetu ya zamani ni mita moja. Ukitumia kipimo cha kugawanya kwa 87, inakuwa milimita 11.5, na reli za milimita 12 zinauzwa tayari. Yaani modeli ya dizeli ya Kenya ingesimama kwa miguu yake vizuri kuliko Deltic ya Mwingereza.

Na usiniambie hatuna mikono. Kila mtaa ulikuwa na kijana wa kuunda mathree kwa boxi na waya, na taa za torchi, na namba ya ruti, na jina la nganya limeandikwa na biro. Hatukuwa na rula. Tulisimama stage tukaangalia mpaka tukashika. Mchoraji wa Deltic anafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yeye alipata mashine ikiwa bado iko, akaipima kabla ikatwe.

Kwa hivyo wiki hii ukipita stesheni, inua kichwa kidogo. Hesabu madirisha. Angalia paa. Kama kuna mzae kwenu alifanya kazi reli, mkalishe chini na chai, umuulize ile dizeli ilikuwa rangi gani na ililia aje. Andika mahali. Siku moja kuna mtu atataka kuiunda tena, na atakuuliza wewe.